Chuo Kikiingia Mji wa Kale, Ufunguo Atashika Nani?

Mpwa wangu anasomea uchoraji Nairobi. Juzi alinitumia picha ya jengo la matofali mekundu lenye matao mazito, mfano wa ngome, na chini yake akaandika: "Mjomba, hili lilikuwa la wanajeshi, sasa ni chuo cha sanaa. Sisi Mombasa twashindwa na nini?"

Jengo hilo liko Savannah, mji wa bandari katika jimbo la Georgia, Marekani. Lilijengwa mwaka 1893 kwa ajili ya kikosi cha askari wa kujitolea. Chuo kiitwacho Savannah College of Art and Design, kilichoanzishwa mwaka 1978, kililichukua jengo hilo, kikalitengeneza, na 1979 kikaanza kufundisha. Tangu hapo hakijaacha kununua na kukarabati: maghala, nyumba, majumba ya sinema, hata majengo ya reli ya karne ya 19 ambayo leo ni jumba lao la sanaa. Anayetembea katikati ya mji ule hajui chuo kinaanzia wapi na mji unaishia wapi.

Nilimjibu kwa mzaha kwamba sisi hatushindwi na kitu, ila tumeshughulika na kahawa. Swali lenyewe halikunitoka. Hapa kwetu linaulizwa kila siku kwa namna nyengine. Ukipita Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, ukakata Kibokoni, ukaona mlango wa nakshi umetiwa kufuli lenye kutu na mti umeota kwenye roshani, lazima utajiuliza: kwa nini nyumba hii isipewe watu wenye kazi nayo? Na wachoraji, wachongaji na wafumaji wa pwani wanaotaka kusoma kwa cheti au shahada wanafunga mizigo kwenda bara. Nyumba hazina watu, na watu hawana nyumba. Mtu akilitazama kwa mbali ataona jambo limekwisha kujibiwa.

Kwa karibu halijajibiwa. Nimelizungumza na jamaa wa pande zote mbili, wanaotaka chuo cha sanaa kiingie nyumba za Mji wa Kale na wasiotaka, na kila upande una neno la kweli ambalo upande wa pili unalikwepa.

Nianze na wanaosema ndiyo, maana hoja yao ya kwanza ni ngumu kuivunja. Kinachoua nyumba ya matumbawe ni kule kuachwa bila mtu. Umri pekee hauiui. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimeingia ndani ya ukuta. Akiwamo mtu, tone la kwanza la mvua likipita juu linaonekana siku ile ile, fundi anaitwa. Asipokuwamo, maji yanakaa ndani ya sakafu ya chokaa, yanashuka taratibu mpaka kwenye ncha za boriti, zinaoza pale pale zisipoonekana. Siku dari inaporomoka, watu husema "imeanguka ghafla". Haikuanguka ghafla. Ilikuwa ikianguka miaka saba.

Sheria peke yake haizuii jambo hili. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na tangu 2006 tuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi. Mwenye nyumba haruhusiwi kubomoa wala kubadilisha sura ya jengo bila kibali. Ni sawa. Lakini kibali hakizibi paa. Sheria inamwambia mwenye nyumba asichofanya, haimpi pesa ya kufanya. Mjane aliyerithi sehemu ya nyumba pamoja na wapwa kumi na mmoja, nusu yao wako Maskati na Jeddah, atatengeneza kwa pesa gani?

Hoja yao ya pili ni kwamba Mombasa tangu hapo imezoea kubadilisha kazi za majengo. Ngome yetu, Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, imekuwa kambi, imepiganiwa ikashikwa na huyu na yule, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na tangu 1960 ni makumbusho. Leo iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, tangu 2011. Hatua chache kutoka hapo kuna mahakama ya zamani iliyojengwa 1902. Watu walihukumiwa mle. Leo mle ndani hutundikwa picha. Hakuna aliyelia kwamba mahakama imeharibika kwa kutundikwa picha. Kwa hiyo anayesema nyumba ya kale ibaki kama ilivyokuwa aulizwe kwanza: kama ilivyokuwa lini?

Hoja ya tatu ndiyo naipenda zaidi, na sikuwahi kuifikiria mpaka fundi mmoja wa mabomba aliponieleza. Tulikuwa tukizungumzia nyumba za Unguja na Lamu zilizogeuzwa hoteli. Akaniuliza, "Hoteli ya vyumba kumi ina vyoo vingapi?" Nikamwambia kumi, labda kumi na viwili. "Basi ndani ya ukuta wa chokaa umepitisha maji mara kumi na mbili." Nyumba hizi zilijengwa choo kikiwa pembeni, na maji yakichotwa kisimani. Hoteli inatia bafu kila chumba, inatia mashine ya baridi kila dirisha, na kila bomba siku moja litavuja. Chuo chahitaji vyoo mahali pamoja, chini, basi. Mwanafunzi haogi darasani. Ukipima kwa wingi wa maji tu, chuo ni mpangaji mpole kuliko mtalii.

Sasa twende kwa wanaosema hapana, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu wao hawasikilizwi sana. Wanaonekana ni watu wa kupinga maendeleo, ilhali wengi wao ndio wanaolala ndani ya nyumba hizo.

Kuna umbo la nyumba lenyewe. Boriti la mkoko halikubali kubeba zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu, kama behewa. Fundi hakuwa na njia nyengine: mti ndio uliompimia chumba. Weka humo wanafunzi thelathini na vibao vyao vya kuchorea, utapata foleni, hutapata darasa. Mwalimu atasimama mwanzo wa behewa na wa mwisho ataona kisogo cha mwenzake. Kuna nyumba za baadaye, zile zenye maduka chini na roshani juu zilizojengwa kwa mtindo wa Kihindi, ambazo zina nafasi zaidi, lakini hizo ndizo ambazo wenyewe hawaziachi kirahisi kwa kuwa zinaingiza kodi.

Kisha mwanga. Vitabu vya kuchora vilivyoandikwa Ulaya vinasema chumba cha mchoraji kiwe na dirisha kubwa upande wa kaskazini, ili jua lisiingie moja kwa moja na kivuli kisihame. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kuanzia Aprili mpaka Septemba jua letu la adhuhuri liko upande huo huo wa kaskazini. Na juu ya hayo, nyumba ya Mswahili ilijengwa ili mwanga usiingie. Madirisha madogo, kuta nene, giza la ndani lenye ubaridi: mtu atoke kwenye jua la saa saba aketi apumue. Giza lile limejengwa kwa makusudi. Chuo kitataka madirisha makubwa, au taa nyingi, na taa nyingi maana yake nyaya nyingi, na nyaya nyingi ndani ya dari ya miti maana yake ni moto.

Moto si hofu ya kubuni. Glasgow, kule Scotland, kuna chuo cha sanaa chenye jengo maarufu lililokamilika 1909 na kusifiwa na wasanifu wa dunia nzima. Mwezi Mei 2014 gesi ya kopo la povu alilolitumia mwanafunzi katika kazi yake ilishika moto kutokana na joto la projekta, na maktaba ya mbao ikateketea. Likaanza kutengenezwa. Juni 2018, likiwa bado linatengenezwa, likaungua tena, safari hii karibu lote. Jengo lile lilijengwa tangu mwanzo liwe chuo cha sanaa, na bado sanaa ilikuwa jirani mbaya. Sasa fikiria tapentaini, tanuri la kuchomea vyungu na gundi za kila aina katika kichochoro cha Kuze ambacho tuktuk hupita kwa kukunja vioo. Gari la zimamoto litasimama wapi?

Na uzito. Dari ya matumbawe na chokaa yenyewe ni nzito kabla hujaweka kitu. Familia ya watu tisa imetawanyika nyumba nzima. Wanafunzi huenda wote chumba kimoja saa nne asubuhi. Mashine ya kupigia chapa ni chuma kitupu. Mimi si mhandisi, lakini nimeona dari ya nyumba ya jamaa zetu ikishuka kidole kimoja kwa sababu ya friza mbili za samaki.

Nitasema na la nyumbani kwetu, maana ndilo lililonifundisha kuogopa ukarabati kuliko uchakavu. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na ukuta wa vidaka, vile vijishubaka vya ukutani vya kuwekea bakuli za kaure na msahafu. Chini yake plasta ilikuwa ikimenyeka kwa unyevu. Baba yangu mdogo alipopata vijisenti akaita kampuni moja, wakaja na saruji. Wakapaka vizuri, kukawa laini kama kioo, tukashangilia. Chokaa hupumua: unyevu unaingia na kutoka. Saruji haipumui. Unyevu na chumvi ya matumbawe ukafungwa ndani, ukatafuta pa kutokea. Baada ya masika ya pili ukuta ulitema saruji yote pamoja na jiwe, na kidaka kimoja kikashuka nacho. Bibi alikiokota kipande chenye nakshi akakiweka juu ya kabati, na hakusema kitu. Waliofanya kazi ile walikuwa na vyeti vyote vya ujenzi, pesa na nia njema. Hawakujua chokaa.

Kwa hiyo mtu akiniambia chuo "kitakarabati", nauliza kwa kitu gani, na kwa mikono ya nani. Boriti zenyewe siku hizi si kitu cha kwenda kununua tu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti nchini mwaka 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu nao walikwama, na mafundi wa Mji wa Kale wakawa wanabadilisha boriti kwa mbao za msonobari, zinazoliwa na mchwa kama kashata.

Lakini zungumza na wazee wa barazani, utagundua kwamba mawe si ndiyo yanayowasumbua zaidi. Jioni moja nilikaa na mzee jirani yetu, muuza kahawa akazunguka na dele lake, nikamuuliza hasa. Akanyamaza, akanywa kikombe chake, akasema: "Mwanangu, mimi sikatai wanafunzi. Mimi nakataa siku nitakayoambiwa nishuke baraza langu kwa kuwa kuna maonyesho. Wao waja na pesa, waondoka na pesa. Sisi twabaki na ufa."

Baraza ni sehemu ya nyumba, na wakati huo huo ni sehemu ya njia. Ni mahali ambapo mgeni huketi bila kuingia ndani, habari za msiba hufika kabla ya simu, na kijana mtukutu huonekana kabla hajaharibika. Taasisi zina tabia ya kutia geti. Chuo kina vifaa vya thamani, kitataka mlinzi. Mlinzi atataka kibanda. Kibanda kitakaa pale pale barazani. Nimeiona hali hiyo kwenye ofisi na hoteli, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Kuna na suala la macho. Nyumba za Mji wa Kale zimegusana, na juu ya paa ni pa wanawake: kuanika nguo, kusuka, kupiga gumzo bila buibui. Milango ya nyumba zinazotazamana hupishwa makusudi ili mtu asione ndani kwa mwenzake. Wanafunzi ishirini wakipanda paani kuchora machweo ya jua watachora na paa za jirani. Kuna na somo la kuchora mwili wa mtu aliye uchi, ambalo vyuo vingi vya sanaa hulihesabu kuwa la msingi, katika mtaa ambao misikiti imekaribiana na baadhi yake, kama wa Mandhry, ina karne nyingi. Sitajifanya kwamba hili ni dogo au kwamba litamalizwa na kikao cha chai. Kwa upande mwengine sanaa ya hapa haikungoja chuo: ni nakshi za milango, hina na piko, kofia za mkono zinazoshonwa na akina mama mwezi mzima, maandishi ya kanga, mikeka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mtu avue nguo. Chuo kitakachoanza na ramani ya masomo kutoka ng'ambo kitagombana na mtaa mwaka wa kwanza. Kitakachoanza na walioko mtaani kinaweza kuanza kesho.

Juu ya kodi nitapita haraka kwa sababu kila mtu ameshaiona Shela ya Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Wageni wakipenda mahali, bei hupanda, na mpangaji wa zamani hupewa notisi. Wanafunzi si matajiri, lakini watano wakichangia chumba wanalipa zaidi ya familia moja ya mvuvi. Mwenye nyumba hatalaumika kwa kujua hesabu.

Limebaki lile ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nyumba za kale huishi zaidi ya vyuo.

Chuo kile kile cha Savannah kilifungua tawi Hong Kong mwaka 2010, ndani ya mahakama ya zamani ya North Kowloon iliyojengwa 1960. Kazi ilifanywa kwa ustadi, chumba cha hakimu kikahifadhiwa, na UNESCO ikautaja ukarabati ule kwa heshima. Wako waliolalamika juu ya ada, kwamba jengo la umma limepewa chuo ambacho mtoto wa mtaa ule hawezi kukilipia. Mwaka 2020 chuo kikafunga kikaondoka. Miaka kumi tu. Hapa karibu, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja 2002, kilikaa miaka mingi katika jengo la forodha ya zamani linalotazama bahari, kikifundisha taarab, ngoma, na ala za nyuzi kama kanuni na udi. Ni mfano mzuri kabisa wa nyumba ya kale kupata roho mpya. Sauti ya kinanda ikitoka dirishani hata mchukuzi hupunguza mwendo. Mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba wafadhili wamekatika na mlango uko karibu kufungwa. Hakikufa, alhamdulillahi, lakini kila mtu aliona uzi ulivyokuwa mwembamba. Na Unguja hiyo hiyo, siku ya Krismasi ya 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katikati ya matengenezo, na watu 2 wakafa. Kwa hiyo hata aliyepata pesa na mkandarasi hajaepuka hatari.

Upande wa ndiyo wana jibu, na ni jibu la papa hapa mjini. Mtazame MIOME, kile chuo cha Kiislamu cha ufundi kilichojengwa Tudor kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengine, chenye makuba na matao. Kimekuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, chuo kikuu kishiriki 2007, na chuo kikuu kamili cha ufundi tangu 2013. Jina limebadilika mara baada ya mara, wanafunzi wameongezeka, na jengo la kwanza lingali likitumika. Taasisi ya elimu inayodumu ipo. Na Kituo cha Utamaduni wa Waswahili kilicho chini ya Makumbusho kimekuwa kikifundisha vijana uchongaji na ufundi mwengine wa kipwani bila makeke. Si kweli kwamba kila chuo ni mgeni wa siku mbili.

Ni sawa, lakini MIOME ilijengewa jengo lake. Haikuingia ndani ya nyumba ya mtu.

Mimi mwenyewe nimesimama wapi? Nataka chuo kije, lakini kije kama mpangaji, kisiwe mwenye nyumba. Nikiitazama tena habari ya Hong Kong, ambayo wapinzani huitaja kama aibu, mimi naona ilikuwa salama kwa sababu moja: jengo halikuwa la chuo. Lilikuwa la serikali, limekodishwa kwa masharti. Chuo kilipoondoka kilirudisha ufunguo, na jengo likabaki likiwa zuri kuliko lilivyopokewa. Savannah ni kinyume chake: chuo ndicho mwenye mali, na mji umejifunga kwa afya ya taasisi moja. Kikipiga chafya, mitaa mingapi itashikwa na mafua?

Kwetu umiliki una matabaka yake. Kuna nyumba za wakfu, ambazo haziuziki na zimewekwa kwa ajili ya wanufaika waliotajwa. Hizo kwa maoni yangu ndizo za kufikiria kwanza, kwa kuwa mkataba wa kukodi ndio njia pekee iliyopo, na kodi itakwenda kwa msikiti au kwa maskini waliokusudiwa na aliyeiweka wakfu. Kuna za warithi wengi, ambazo hakuna awezaye kuuza bila ugomvi wa ndugu, lakini wanaweza kukubaliana kupangisha miaka ishirini na kugawana. Mkataba wenyewe useme chokaa, si saruji. Useme baraza ni la mtaa. Useme tanuri, mashine za chapa na makopo ya rangi za mafuta yatakaa nje ya Mji wa Kale, kwenye jengo la zege lenye mlango wa zimamoto, na nyumba ya kale ibaki na yale inayoyaweza: kalamu na karatasi, nakshi, ushonaji, historia, muziki wa sauti ndogo. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu naye afikiriwe kabla ya ngazi, kwa kuwa ngazi za nyumba hizi ni za kupanda kama mnazi, na hapo sina jibu jepesi zaidi ya kuweka masomo yasiyohamishika chini.

Na somo la kwanza liwe nyumba yenyewe. Sioni faida ya kumtoa mwanafunzi Nairobi kuja kuchora mlango wa nakshi asijue umefungwa vipi ukutani. Mafundi wanaojua kutia matumbawe tanurini na kupika chokaa wamezeeka. Mwanafunzi wa uchongaji akitumia muhula mmoja kubadilisha boriti chini ya mkono wa fundi, chuo kitakuwa kimelipa sehemu ya kodi yake kwa jasho, na kikifungwa kesho kutwa, watabaki mtaani wanaojua kuziba ufa ule aliousema mzee.

Mpwa wangu alipokuja likizo nilimpeleka kwenye nyumba moja ya warithi, tukaazima ufunguo kwa shangazi yao anayekaa Makadara. Mlango ulilia. Ndani kulikuwa na harufu ya popo na chokaa mbichi. Akazunguka akipiga picha, akiniambia hapa patakuwa maktaba, hapa maonyesho, hapa mwalimu atakaa. Nikamwacha. Tulipofika chumba cha juu nikamwambia, "Haya, mashine yako ya chapa utaiweka wapi?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Akawasha tochi ya simu, akaielekeza darini, akaanza kuhesabu boriti kwa kidole, moja moja, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Alipofika ya kumi na nne akasimama, akanyoosha mkono kuigusa, ikamomonyoka unga.

"Mjomba," akasema, "fundi wa hii tutampata wapi?"